Uanuwai wa Kijeni: Akiba ya Makundi Madogo ya Viumbe

Istilahi ya uanuwai wa kijeni hutumika kutaja hali ya viumbe wa spishi moja kubeba nakala zisizofanana za jeni ileile, nakala ambazo wanabiolojia huziita aleli. Imejengwa juu ya neno anuwai, kama ilivyo bioanuwai, na inafaa kuliko "tofauti za kijeni", kwa kuwa tofauti huweza kuwa baina ya wawili tu, ilhali kinachopimwa hapa ni utajiri wa kundi zima.

Sehemu ya dhana hiyo yaweza kuitwa uanuwai wa akiba, yaani aleli zilizomo katika kundi kabla mazingira hayajageuka. Badiliko jipya la jeni lenye manufaa hutokea kwa nadra, na kundi dogo likilisubiri huenda likatoweka kwanza. Lakini aleli iliyokwishakuwapo, hata kwa wachache, huanza kuteuliwa na mazingira mara moja.

Ushahidi mzuri unatoka Ziwa Loberg, jimboni Alaska, Marekani. Samaki wa ziwa hilo waliuawa kwa sumu mwaka 1982, kisha wakaingia kutoka baharini samaki wadogo wenye miiba mitatu mgongoni, ambao ubavuni wana safu ya vibamba vya mfupa, zaidi ya thelathini kila upande. Mwaka 1990 asilimia 96 ya samaki waliochunguzwa walikuwa na safu kamili. Kufikia 2001 waliobaki nayo walikuwa takriban asilimia 11. Aleli ya jeni iitwayo EDA inayopunguza vibamba haikuzuka ziwani humo: hubebwa na samaki wachache wa baharini, ambao wenyewe kwa kawaida huonekana wana vibamba vyote, na hurudishwa baharini kila samaki wa mito wanapozaliana na wale wa baharini.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba udogo wenyewe una faida, kwani katika kundi dogo aleli hupotea kwa bahati tu, na ndugu huzaliana wao kwa wao. Simba wa kreta ya Ngorongoro, waliopunguzwa na nzi wanaouma mwaka 1962 hadi wakabaki wachache mno, waliongezeka tena, lakini uanuwai wa kijeni wa vizazi vyao ulikuwa mdogo na mbegu za madume zilionekana kuwa na kasoro nyingi. Sensa ya wanyama haiwezi kuonyesha upungufu wa namna hiyo. Hugunduliwa kwa kupima jeni.