Kunyata kwa Kiingereza: Historia ya Umbo Snuck
Aghalabu hudhaniwa kwamba maumbo ya vitenzi vya Kiingereza yasiyofuata kanuni ni masalio ya kale. Kitenzi sneak, yaani kunyata au kunyemelea, chakanusha dhana hiyo. Katika maandishi ya karne ya 16 na 17 wakati wake uliopita ulikuwa sneaked, umbo la kawaida. Snuck lilizuka Marekani mwishoni mwa karne ya 19, likabezwa kuwa usemi wa wasiosoma, kisha likaingia katika kamusi. Nasi hapa Bukavu hufuta kuya ya wanafunzi na kuandika kuja, ilhali kuya husikika pia katika Kiamu cha Lamu. Kabla ya kuhukumu umbo, mwalimu aulize historia yake.