Mbwa Hakuhesabiwa

Mwaka 1979 serikali iliamuru mifugo yote iondolewe katika eneo la milima ya Kondoa lililokuwa likimomonyoka. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ambao wengi wanaujua kwa jina la HADO, ulikuwa umeanza mwaka 1973 kwa kuchimba matuta na kupanda miti. Baada ya miaka sita ikaonekana kwamba ardhi haitapona kwato zikiendelea kuikanyaga. Eneo la kilomita za mraba 1,256 likafungwa. Ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda wapatao elfu 90 wakatolewa, wengi wakapelekwa kwa ndugu na marafiki katika nyanda zinazoizunguka milima hiyo. Nimesoma maelezo kadhaa ya tukio hilo. Idadi ya mifugo imo, makorongo yamo, nyasi zilizorudi zimo. Mbwa hayumo.

Si ajabu. Mbwa hakamuliwi, hachinjwi, wala hapelekwi mnadani. Lakini mtu yeyote aliyekulia huku kwetu Chemba, wilaya iliyomegwa kutoka Kondoa mwaka 2012, anajua kwamba nyuma ya mbuzi kuna mtoto na nyuma ya mtoto kuna mbwa. Nami nataka kuandika historia ya huyo wa mwisho, hasa jinsi anavyofundishwa, kwa sababu naamini katika mafunzo yake kuna kitu tunachokipoteza bila kukiona.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi yake. Ukimwambia kijana mwenye simu neno "mbwa wa kuchunga", atamfikiria yule mweusi mwenye mabaka meupe anayetambaa majanini huko Uingereza na kuwazungusha kondoo kama maji kwenye beseni. Mbwa huyo ana historia yake. Mashindano ya mwanzo ya mbwa wa kondoo nchini humo yalifanyika Bala, Wales, mwaka 1873. Miaka 20 baadaye, mwaka 1893, katika jimbo la Northumberland alizaliwa dume aliyeitwa Old Hemp, mali ya mfugaji Adam Telfer. Wachungaji wa wakati ule walikuwa wamezoea mbwa wa kubweka na kung'ata. Old Hemp hakubweka. Aliwatazama kondoo, nao wakasogea. Wafugaji wakamtaka kwa mbegu, na leo karibu kila Border Collie ana damu yake. Hata huko, basi, utulivu haukuwapo tangu mwanzo. Watu waliuona, wakaupenda, wakauchagua.

Mbwa wa Chemba hafanyi kazi hiyo. Kuwasogeza mbuzi ni kazi ya mchungaji, kwa mluzi, kwa sauti, kwa kokoto iliyorushwa mbele ya beberu mkaidi. Mbwa kazi yake ni kuwapo. Anatembea na kundi, analala kivulini kundi likilala, na fisi au mbweha anaponusa upepo ananusa na harufu ya mbwa. Usiku analala mlangoni pa zizi. Akibweka, mwenye boma anaamka. Mara nyingi hapigani kabisa, maana mnyama mwindaji anayejua kwamba ameonekana huenda kutafuta riziki kwingine.

Kazi hiyo inadai jambo gumu kuliko kukimbia: mbwa asikimbize. Mbwa wa kuwinda hufundishwa kufuata kila kinachotimka. Wa zizi hufundishwa kwamba mwanambuzi anayeruka mbele ya pua yake ni ndugu. Huwezi kulifundisha hilo kwa fimbo. Mbwa aliyepigwa kwa sababu ya mbuzi hujifunza kwamba mbuzi huleta maumivu, na siku mtu akiwa mbali, atawakimbia au atawauma.

Njia niliyoijua mimi haikuwa na jina. Mtoto wa mbwa akishafumbua macho na kuanza kula, alihamishiwa karibu na kibanda cha wanambuzi. Alipewa uji wa uwele au makombo ya ugali palepale, asubuhi na jioni, na mtu yuleyule. Wanambuzi walimkanyaga, mama zao walimpiga vichwa, naye akajifunza kukaa pembeni. Akipata nguvu za kutembea alifuata kundi mwendo mfupi, akichoka akabebwa begani. Akimng'ata mbuzi sikio kwa mchezo, alitolewa mchezoni kimyakimya na kushikwa ubavuni mpaka pumzi yake itulie, kisha akaachiwa. Babu alikuwa na sheria moja aliyoirudia: "Usimwite mbwa ili umpige. Ukimwita, iwe heri." Sikujua wakati ule kwamba sheria hiyo imeandikwa katika vitabu vingi vya wafunzaji wa mbwa duniani. Babu hakuwahi kuviona.

Charles Darwin aliona mambo yanayofanana na haya mwaka 1833, alipopita kwenye mashamba ya kondoo katika nchi tunayoiita leo Uruguay. Alishangaa kuona kundi kubwa likilindwa na mbwa mmoja au wawili, bila mtu karibu. Akauliza, akaambiwa kwamba mtoto wa mbwa hutengwa na mama yake akiwa mdogo sana, hunyonyeshwa na kondoo mara tatu au nne kwa siku, na hulazwa zizini kwenye kitanda cha sufu. Akikua, hana hamu ya kwenda kwa mbwa wenzake. Kundi ndilo ukoo wake.

Sayansi ilikuja kueleza sababu yake baadaye sana. Mwaka 1961 watafiti wa Marekani waliokuwa wakifanya kazi Bar Harbor, jimbo la Maine, walionyesha kwamba watoto wa mbwa waliokaa bila kuguswa na binadamu hadi wiki ya 14 waliendelea kuwaogopa watu kama wanyama wa porini. Kuna dirisha linalofunguka takriban wiki ya tatu na kufunga kabla ya mwezi wa nne. Atakayekuwa ndani ya dirisha hilo, awe mtu, mbuzi au kuku, mbwa atamhesabu kuwa wa kwao. Wahenga wetu walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Walimsemea binadamu, lakini kwa mbwa methali hiyo ni kweli kwa wiki na siku zake.

Wala haihitaji mbwa wa nasaba. Mwaka 1981 mtafiti Hal Black aliandika kuhusu Wanavajo wa Marekani, ambao mifugo yao ililindwa na mbwa mchanganyiko wa kawaida, waliokulia zizini. Huku kwetu, mradi wa uhifadhi karibu na Ruaha ulijaribu miaka ya 2010 kuwapa wafugaji, wakiwemo Wabarbaig, mbwa wakubwa wa asili ya Uturuki, kama walivyopewa wafugaji wa Namibia tangu mwaka 1994. Nasaba hizo zina sifa zake, ukubwa ukiwa mmojawapo. Lakini nao huwekwa zizini wakiwa wadogo, na asiyelelewa hivyo hawi mlinzi hata awe na ukubwa wa ndama.

Mbwa alifikaje kwetu? Hakutokana na mbweha wala mbwa mwitu wa Afrika. Alifugwa kutokana na mbwa mwitu wa kaskazini ya dunia, akaingia bara letu kupitia Misri, akateremka na wafugaji. Mifugo ilifika kaskazini mwa Tanzania takriban miaka 3,000 iliyopita. Mwaka 2015 Peter Mitchell, mwanaakiolojia wa Oxford, alitoa hoja kwamba magonjwa, ikiwemo nagana inayoenezwa na mbung'o, huenda yaliwachelewesha mbwa kusambaa kusini mwa Sahara kama yalivyowachelewesha ng'ombe. Mbwa aliyelala nje ya zizi la Chemba, basi, ni uzao wa walionusurika. Si mbwa koko wa kudharauliwa.

Tena alifika akakuta na kupata majirani wa kila aina. Wasandawe wa Farkwa na Kwa Mtoro walikuwa wawindaji wa upinde kabla ya kuwa wakulima na wafugaji. Wabarbaig na Wamasai walikuja na ng'ombe wao. Warangi, ambao wengi wao ni Waislamu, walikuwa na swali jingine: mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Baadhi ya wageni hudhani kwa hiyo Mwislamu hawezi kufuga mbwa. Lakini hadithi za Mtume zinawatoa kwenye katazo mbwa wa mifugo, wa kuwinda na wa shamba. Aya ya nne ya Sura Al-Maida inahalalisha mawindo ya wanyama waliofundishwa, na katika Sura Al-Kahf mbwa amenyoosha miguu ya mbele kizingitini, akiwalinda vijana waliolala pangoni. Nimeona nyumba zetu zikiishi na mpaka huo bila shida. Mbwa ana bakuli lake, ana mahali pake, haingii ndani, na hapigwi kwa kuwa najisi. Mpaka unaoeleweka ni sehemu ya mafunzo. Mbwa huishi vizuri na "hapana" isiyobadilika kuliko na "ndiyo" ya leo na teke la kesho.

Jambo lingine lisilobadilika ni sauti. Mlio mmoja mfupi wa ulimi kwa kumwita, mluzi mrefu kwa kurudi nyumbani, mkoromo mdogo kooni kwa kumkataza. Sauti haipandi, kwa sababu sauti inayopanda kila siku haisikiki siku ya hatari. Shirika la APOPO, lenye makao katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, hufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu kwa njia isiyo mbali na hii: panya akifanya sawa husikia mlio mfupi, kisha hupata kipande cha chakula. Fimbo haipo. Mafunzo huchukua takriban miezi tisa. Kwa Wasandawe, ambao lugha yao imejaa midoko ya ulimi, nadhani hilo halihitaji kifaa cha kununua.

Miezi tisa kwa panya. Kwa mbwa wa zizi ni mwaka mmoja au zaidi. Muda huo ulikuwa wa nani?

Ulikuwa wa mtoto. Ndilo jibu ambalo historia yetu imeliruka. Hakuna aliyekuwa akitenga saa ya "kufundisha mbwa". Mvulana alishinda machungani kutwa nzima, kando ya Mto Bubu au kwenye vichaka vya miiba, na mbwa alishinda naye. Subira yote ninayoisifu hapa ililipwa kwa utoto wa mtu. Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote ulipoanza mwaka 1977, na Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ilipowalazimisha watoto kwenda shule, malipo hayo yalianza kusimama. Ada za shule za msingi zilipoondolewa mwanzoni mwa miaka ya 2000, yalisimama zaidi. Mimi ni zao la mabadiliko hayo: nilichunga wikendi na likizo, siku nyingine nilikuwa darasani. Sitaki mtoto yeyote arudishwe porini ili mbwa apate mwalimu.

Huko milimani nako, mwishoni mwa miaka ya 1980, waliporuhusiwa tena kufuga, walifuga ng'ombe wa maziwa ndani ya banda na kuwakatia majani. Ng'ombe wa bandani hahitaji mbwa wa kutembea naye.

Kwa hiyo mbwa amebaki, mwalimu wake ameondoka. Kundi la mbuzi sasa huchungwa na kijana wa kuajiriwa, ambaye mwakani atakuwa kwa tajiri mwingine. Mtoto wa mbwa hufungwa kamba chini ya mti hadi wiki zile za thamani zimepita. Akifunguliwa anakimbiza mbuzi, anapigwa, anajifunza kuogopa mikono. Na mbwa anayeogopa mikono ni hatari kuliko fisi, kwa sababu ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu ukishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mara huua. Shirika la Afya Duniani linasema ukichanja asilimia 70 ya mbwa, maambukizi hukatika. Chanjo ipo. Lakini nimesimama kwenye foleni ya chanjo kijijini nikaona mbwa mmoja akija ubavuni mwa mwenyewe na kukaa, sindano ikaingia akatikisa mkia, na watano wengine wakikata kamba na kutokomea mtamani. Hao watano ndio wanaobaki katika asilimia isiyochanjwa, na ndio watakaomng'ata mtoto anayerudi shuleni.

Hesabu yake si kubwa kama inavyoonekana. Dirisha lile ni la wiki kumi hivi, si la utoto mzima wa mtu. Mtoto wa shule ana asubuhi kabla ya kengele na jioni kabla ya giza: aende na uji, amguse masikio na nyayo, amlaze na wanambuzi, amwite kwa mlio uleule, asimwite kwa ubaya. Afisa mifugo anayehesabu ng'ombe wa kijiji aongeze safu moja kwenye daftari lake. Mbwa wa zizi ni wafanyakazi wa wilaya hii, na mfanyakazi asiyehesabiwa hapati chanjo, hapati mafunzo, wala hatajwi siku historia inapoandikwa.