Kabla ya Mtaalamu: Mgodi wa Risasi wa Mpanda, Nyanda za Juu za Mwese na Historia ya Mafunzo ya Afya ya Kazini Tanzania

Utangulizi

Historia ya usalama na afya mahali pa kazi nchini Tanzania kwa kawaida huandikwa kwa kufuata sheria. Huanza na Sheria ya Viwanda ya mwaka 1950, ikaenda hadi Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA) ulioanzishwa mwaka 2001, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008. Mpangilio huo una manufaa yake, lakini unaacha swali moja bila kuguswa: ni nani aliyefundishwa kuzitekeleza sheria hizo, na mafunzo yake yalimwelekeza aende kutazama kazi ya nani?

Makala hii inalijadili swali hilo kwa kulitazama kutoka Mwese, nyanda za juu zilizo magharibi ya mji wa Mpanda, katika eneo ambalo tangu mwaka 2012 limo ndani ya Mkoa wa Katavi. Hoja kuu ni kwamba mafunzo ya uzamili na uzamivu katika afya ya kazini yamezalisha maarifa imara kuhusu mfanyakazi ambaye jina lake limo katika orodha ya mishahara. Asiye na orodha hiyo, yaani mchimbaji mdogo, mkulima wa tumbaku, fundi seremala wa kijijini, amebaki pembeni. Chanzo kikubwa cha hali hiyo kimo katika njia yenyewe ya upimaji kama inavyofundishwa, na si katika uzembe wa mtu fulani.

Mgodi na reli

Haitakuwa sahihi kudhani kwamba viwanda havikuwahi kufika karibu na Mwese. Baada ya Vita Kuu ya Pili, kampuni ya Uruwira Minerals ilichimba madini ya risasi huko Mukwamba, karibu na Mpanda, na ni kwa ajili ya mgodi huo reli ya tawi kutoka Kaliua ilijengwa na kufika Mpanda mwaka 1950. Mwaka 1960 mgodi ulifungwa. Reli ikabaki. Miaka kumi na mitatu baadaye makazi ya wakimbizi wa Burundi ya Katumba yakaanzishwa kando ya reli hiyo hiyo. Jambo linaloonesha jinsi njia iliyojengwa kwa ajili ya madini ilivyoendelea kuamua ni wapi watu wangewekwa, hata baada ya madini yenyewe kusahaulika.

Kwa mtaalamu wa afya ya kazini, mgodi wa aina hiyo una maswali mawili tofauti, na ni muhimu yasichanganywe. La kwanza ni la risasi yenyewe. Madhara yake kwa wafanyakazi yalikuwa yamejulikana muda mrefu: Bernardino Ramazzini aliyaeleza katika kitabu chake cha mwaka 1700 kuhusu magonjwa ya mafundi, na Alice Hamilton aliyachunguza katika viwanda vya Marekani kuanzia mwaka 1910. Hata hivyo, risasi haiumizi kwa kiwango kilekile katika kila umbo. Ikiwa bado imeungana na salfa ndani ya mwamba, huyeyuka kwa shida mwilini. Ikichomwa ikatoa moshi, au ikigeuka kuwa oksidi, huingia katika damu kwa wepesi zaidi. Kwa hiyo mtu anayevunja mwamba na mtu anayesimama mbele ya tanuri hawako katika hatari moja, ingawa wote wawili wataitwa wafanyakazi wa risasi.

Swali la pili ni la vumbi la mwamba. Mwamba wenye kwazi ukitobolewa kwa mashine hutoa vumbi la silika, na chembe zake ndogo kabisa, zile ambazo jicho halizioni, ndizo zinazofika ndani ya mapafu na kuyafanya yawe na makovu. Ugonjwa huo, silikosisi, hauna dawa ya kuuondoa, na unaweza kujitokeza miaka mingi baada ya mtu kuacha kazi. Mwezi Agosti 1930 Shirika la Kazi Duniani lilifanya mkutano wa kimataifa kuhusu silikosisi mjini Johannesburg. Reli ya Mpanda ilifika miaka ishirini baadaye. Haiwezi kusemwa, basi, kwamba elimu ya hatari hiyo haikuwapo duniani, wala kwamba haikuwapo barani Afrika.

Kilichokosekana ni mtu. Sheria ya Viwanda ya mwaka 1950, iliyoanza kutumika mwaka 1952 na kufuata kielelezo cha sheria ya Uingereza ya mwaka 1937, ilihusu kiwanda, yaani jengo lenye mashine na mwajiri anayejulikana. Migodi ilikuwa na sheria zake na wakaguzi wake wa madini, ambao jicho lao kwanza lilikuwa juu ya paa la mgodi, baruti na kamba ya kushushia watu. Ajali huonekana siku hiyo hiyo, lakini vumbi huchukua miaka. Chuo cha udaktari cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1963, miaka mitatu baada ya mgodi kufungwa. Mpanda ilikuwa na mgodi wakati nchi haikuwa na mtaalamu wake. Nchi ilipopata wataalamu, Mpanda haikuwa tena na mgodi wa kuwaita. Waliofanya kazi chini ya ardhi walikwisha kutawanyika kurudi makwao, na kikohozi chao, kama kilikuwapo, kilitawanyika pamoja nao.

Mwese na bwana afya

Mwese iliingia katika kumbukumbu za serikali kwa mlango mwingine. Katikati ya miaka ya 1960 nyanda hizo zilitengwa kuwa makazi ya wakimbizi wa Rwanda, kwa ushirikiano wa Serikali, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi na Tanganyika Christian Refugee Service, shirika lililoundwa mwaka 1964 chini ya Shirikisho la Makanisa ya Kilutheri Duniani. Mwaka 1980 Tanzania ilifungua mlango wa uraia kwa wakimbizi wa Rwanda waliokuwa wamekaa muda mrefu nchini, hatua ambayo wakati huo ilikuwa nadra sana barani.

Katika mpango wa makazi, kazi ilichukuliwa kuwa tiba. Mkimbizi aliyepewa shamba na jembe alihesabika kuwa njiani kujitegemea, na mafanikio yalipimwa kwa ekari zilizolimwa na kwa mwaka ambao mgao wa chakula ungeweza kusitishwa. Kazi kama chanzo cha maradhi haikuwa na nafasi katika hesabu hiyo. Haya hayasemwi kwa lawama. Kwa watu waliokimbia mauaji, swali la kwanza lilikuwa chakula, na aliyekuwa akifyeka msitu kwa ajili ya shamba la kwanza asingetarajiwa kuulizia mgongo wake.

Afya yenyewe ilifika vijijini kwa sura ya bwana afya. Huyu ndiye mtaalamu ambaye historia ya afya ya kazini humtaja mara chache mno, ingawa kwa wananchi wengi ndiye sura pekee ya ukaguzi waliyowahi kuiona. Bwana afya alikagua vyoo, machinjio, visima na magenge ya chakula. Vyuo vya maofisa afya kama Ngudu na Kagemu vilimtayarisha kwa kazi hiyo na viliitayarisha vizuri, kipindupindu hakisubiri. Lakini kwa kuwa mtaala ulimfundisha kutazama kaya na mazingira yake, alipopita karibu na mtu anayechoma mkaa au anayeponda mawe ya dhahabu, aliona mkazi ambaye huenda hana choo. Hakuona mfanyakazi.

Lugha nayo ilichangia. Neno “usafi wa viwandani”, linalotumika mara kwa mara kutafsiri taaluma ya kupima na kudhibiti vihatarishi kazini, humfanya msikilizaji afikirie ufagio na ndoo ya maji. Vumbi likifagiliwa pakavu hupanda hewani na kuvutwa zaidi. Tafsiri hiyo, kwa maneno mengine, inaweza kuelekeza tendo lililo kinyume cha lile ambalo taaluma inashauri.

Muhimbili, Bergen na orodha ya mishahara

Chuo cha mwaka 1963 kilikuwa Kitivo cha Tiba mwaka 1968, kikapanda kuwa chuo kishiriki mwaka 1991, na mwaka 2007 kikawa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Humo ndimo afya ya mazingira na kazi ilipopata idara na wanafunzi wake wa uzamili. Kwa ngazi ya uzamivu, njia iliyozaa matunda mengi zaidi ilipita Norway, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Bergen. Orodha ya kazi zilizotokana na ushirikiano huo inavutia. Julius Mwaiselage alichunguza vumbi la saruji na uwezo wa mapafu. Simon Mamuya, vumbi na kwazi katika mgodi wa makaa ya mawe wa Kiwira. Akwilina Kayumba, wasindikaji wa mkonge. Gloria Sakwari, vumbi katika viwanda vya kukoboa kahawa. Israel Nyarubeli, kelele katika viwanda vya chuma.

Inafaa kutua kidogo kwenye kazi ya Kiwira, kwa sababu inaonesha nguvu ya njia yenyewe. Mfanyakazi huvalishwa pampu ndogo kiunoni. Mpira hupanda hadi karibu na kola, na hewa anayoivuta hupita katika kichujio ambacho hupimwa uzito kabla na baada ya zamu. Kwa njia hiyo ilibainika kwamba waliokuwa hatarini zaidi ni wale waliofungua njia mpya chini ya ardhi, wanaotoboa mwamba kabla ya kuyafikia makaa. Macho matupu yangemtazama aliye mweusi kwa makaa. Pampu ilimtafuta aliyevuta kwazi. Huu ni ushindi halisi wa taaluma, na ndio aina ya kipimo ambacho Mukwamba haikukipata.

Lakini zitazamwe sehemu zilizochaguliwa: saruji, makaa, mkonge, kahawa, chuma. Zote zina lango, meneja anayeweza kutoa kibali na orodha ya majina. Njia ya utafiti inadai hivyo. Ili sampuli iwe ya nasibu, lazima kuwe na orodha ya kuchagulia. Ili kundi la kulinganisha lipatikane, lazima kuwe na watu wa umri na kipato kinachofanana. Ili miaka ya kuvuta vumbi ihesabiwe, lazima tarehe ya kuajiriwa ijulikane. Mwanafunzi mwenye miaka mitatu au minne ya ufadhili hawezi kulaumiwa kwa kwenda mahali ambapo orodha ipo. Kasoro iko katika kudhani, baada ya tasnifu kadhaa za namna hiyo, kwamba picha ya hatari za kazi nchini imekamilika.

Kwamba inawezekana kufanya vinginevyo kulithibitishwa na utafiti wa viuatilifu. Vera Ngowi, aliyefanya kazi katika Taasisi ya Utafiti wa Viuatilifu vya Ukanda wa Joto, Arusha, kabla ya kuhamia Muhimbili, na wenzake waliwachunguza wakulima wadogo wa mboga kaskazini mwa nchi, watu wasio na mwajiri wala zamu. Chanzo cha taarifa kilikuwa mkulima mwenyewe: anachanganya sumu gani, mara ngapi, anajisikiaje jioni. Takwimu za namna hiyo ni hafifu kuliko uzito wa kichujio, na mtahini mkali atalisema hilo. Hata hivyo bila takwimu hafifu, mkulima huyo hana takwimu yoyote.

Kazi zisizo na lango

Mkabala huo wa pili ndio unaoihusu Mpanda. Katika wilaya ya zamani ya Mpanda, yakiwemo makazi ya Katumba na Mishamo, tumbaku imekuwa zao la biashara kwa miongo mingi. Mchumaji anayeshika majani mabichi yenye umande hufyonza nikotini kupitia ngozi. Hupata kizunguzungu, kichefuchefu na udhaifu, dalili ambazo katika zahanati zinafanana na za malaria ya kawaida. Wakati wa kukausha, familia nzima hulinda moto wa mabani, watoto wakiwemo. Sheria ya mwaka 2003 ilipanua macho ya serikali kutoka kiwanda kwenda mahali pa kazi kwa ujumla, na inadai wafanyakazi wapimwe afya kabla ya kuajiriwa na kwa vipindi baada ya hapo. Katika bani la familia hakuna wa kuajiri, na kwa hiyo hakuna wa kudaiwa upimaji.

Hali ya mchimbaji mdogo wa dhahabu ni nzito zaidi. Dhahabu ya Mpanda inajulikana tangu miaka ya 1930, na uchimbaji wa mikono umedumu zaidi ya kampuni zote. Mawe ya dhahabu mara nyingi ni ya kwazi. Huvunjwa kwa nyundo na kusagwa yakiwa makavu. Baadaye unga huchanganywa na zebaki, na donge linalopatikana huchomwa ili zebaki ipae, mara nyingi karibu na mahali pa kupikia. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 umeielekeza dunia kuitazama zebaki, na ni vyema. Vumbi lililotangulia zebaki halina mkataba wake.

Mchimbaji anayekohoa kwa wiki mbili, akifika kituo cha afya, hupimwa kifua kikuu. Huo ndio utaratibu sahihi, kwani kifua kikuu kipo, kinaua na kinatibika. Lakini silika katika mapafu humfanya mtu awe rahisi zaidi kushikwa na kifua kikuu, na vidonge vya miezi sita haviiondoi. Asipoulizwa anafanya kazi gani, atatibiwa, atapona, ataandikwa kuwa amepona, kisha atarudi katika shimo lilelile. Swali la kazi halihitaji pampu wala maabara, na wa kuliuliza ni tabibu wa zahanati au bwana afya, watu ambao tayari wapo katika kata kama Mwese na ambao mtaala wa uzamili wa afya ya kazini haukuwalenga.