MELI ILIYOZAMA MARA MBILI

Somo la historia kwa watu wazima, kama lilivyosomwa redioni

Natumaini vikundi vyote vya Songea, vya Mbinga na vya mwambao wa Nyasa vimekwisha kukutana, na katibu wa kila kikundi ana kalamu na daftari lake.

Leo tutazungumza juu ya vyombo vilivyozama, kisha vikafufuliwa. Labda mtu atauliza: kufufua chombo kikuukuu kuna faida gani? Si afadhali kuunda kipya? Nitajibu kwa habari za vyombo viwili.

Chombo cha kwanza kiliundwa na mwalimu wa shule, John Philip Holland, mzaliwa wa Ayalandi aliyehamia Marekani. Kilikuwa nyambizi, yaani chombo cha kwenda chini ya maji; urefu wake futi 14 tu, na ndani aliingia mtu mmoja. Mwaka 1878 alikijaribu katika mto Passaic, mjini Paterson. Alipokwisha kujifunza alichotaka, aliing'oa mitambo yake, akakizamisha mwenyewe mtoni, kwa kuwa mawazo yake yalikuwa kwenye chombo kingine kikubwa zaidi. Kililala topeni karibu miaka 50. Mwaka 1927 vijana wakakiopoa, na sasa kimo katika jumba la makumbusho la mji huo. Hakiendi tena majini. Lakini fundi akikitazama na kukipima, anaona jinsi mwalimu yule alivyofikiri.

Chombo cha pili ni cha nchi yetu, nacho kilirudishwa kazini. Mwaka 1913, huko Papenburg, Ujerumani, kiwanda cha Meyer kiliunda meli ya urefu wa karibu mita 70 kwa ajili ya Ziwa Tanganyika. Kisha ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam na kupelekwa Kigoma. Huko mafundi watatu Wadachi, Anton Rüter, Hermann Wendt na Rudolf Tellmann, pamoja na wafanyakazi Waafrika na Wahindi, waliiunga upya. Ikashushwa majini Februari 1915, vita vikiwa vimekwisha kuanza, ikaitwa Graf von Götzen.

Jina hilo sisi wa Songea hatuwezi kulipita haraka. Götzen alikuwa gavana wa Wadachi tangu 1901 mpaka 1906. Ni katika utawala wake vita vya Maji Maji vilipoanza, mwaka 1905. Ni katika utawala wake wazee wa Kingoni waliponyongwa hapa mjini, tarehe 27 Februari 1906, na Nduna Songea Mbano naye akanyongwa. Mashamba na maghala yakachomwa, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Ndiye mtu aliyeheshimiwa kwa kupewa jina la meli ile.

Basi, Julai 1916 Wadachi waliona kwamba Kigoma itatekwa. Waliamua kuizamisha meli yao karibu na mlango wa mto Malagarasi. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo grisi nyingi, kila mahali. Angalieni tofauti. Holland aling'oa mitambo kwa sababu hakukusudia kurudi. Mafundi wa Kigoma waliihifadhi kwa sababu walitumaini meli itatumika tena siku moja.

Grisi inasaidia nini? Chuma hupata kutu kinapokutana na maji na hewa pamoja. Mafuta huvizuia vyote viwili visikifikie. Ndiyo sababu mkulima mwangalifu hulipaka panga lake mafuta kabla ya kuliweka darini. Tena maji ya Tanganyika ni maji baridi, hayana chumvi iharibuyo chuma upesi kama bahari.

Wabelgiji waliiopoa kwanza baada ya vita, wakaileta Kigoma. Mwaka 1920 ikazama tena katika dhoruba. Waingereza wakaiinua Machi 1924, wakakuta injini na matanuri ya mvuke bado yanafaa. Matengenezo yakaendelea, na Mei 1927, mwaka ule ule wa kuopolewa chombo cha Holland, meli ikarudi kazini. Injini zake za mvuke ziliendelea kutumika mpaka miaka ya 1970, zilipowekwa za dizeli. Mwaka 1997 ilirudisha makwao maelfu ya wakimbizi wa Kongo.

Waingereza waliifuta Götzen, wakaiita Liemba. Hilo ni jina la ziwa lenyewe, ambalo Livingstone alilisikia kwa wenyeji mwaka 1867. Je, walifanya vema? Nasema vema. Mwenye nyumba hurudishiwa jina lake. Lakini kama jina la kwanza lingefutwa na katika maandishi pia, watoto wetu wangeona meli njema tu, wasijue ilizaliwa katika utawala gani. Kwa hiyo afufuaye chombo ana kazi mbili: kutengeneza chuma, na kuandika habari zake zote, tamu na chungu.

Katika kuandika huko limebaki pengo. Majina ya Wadachi watatu nimeyasoma vitabuni, nami nimewatajia. Waafrika na Wahindi waliopiga ribiti juani, majina yao hayakuandikwa kwa uangalifu huo. Kazi yao ilielea. Majina yao yalizama, wala hakuna aliyeyapaka grisi.

Kwa hiyo, ndugu zangu, kama kijijini kwenu kuna mashine ya kusaga, pampu au mtumbwi wa zamani mnaotaka kutengeneza, fanyeni hivi. Kabla ya kufungua hata nati moja, pimeni na kuchora. Kila kipande kifungieni kibao chenye namba. Andikeni kilichobadilishwa, na cha zamani msikitupe. Kisha waulizeni wazee: nani alikileta, nani alikiendesha, nani alilipwa na nani hakulipwa.

Maswali ya kujadili:

1. Kwa nini mitambo ya meli ile haikuharibika chini ya maji?

2. Ingekuwa ninyi, mngeiacha meli yenye jina la Götzen topeni, au mngeiinua? Toeni sababu.

3. Kwa vikundi vya mwambao: tarehe 13 Agosti 1914, huko Liuli, meli ya Waingereza Guendolen iliishambulia meli ya Wadachi Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa pwani kwa matengenezo. Wazee wenu walisikia nini kwa wazee wao? Andikeni, pamoja na jina la msimulizi.

Kwaherini, mpaka juma lijalo.