Wimbo ni wa nani jamani?

Haya wadau, nimerudi. Kimya changu kilitokana na majaribio mawili mfululizo na bumu kuchelewa, msinilaumu sana.

Jana jioni tulikuwa kiwanjani hapa Kambarage, Ualimu na Biashara. Mechi iliisha suluhu, ila ugomvi ukahamia kwenye wimbo! Sisi tukaanzisha ule wetu wa kila siku, Biashara wakaudaka, wakabadilisha jina la timu, wakauimba kwa sauti kuliko sisi. Kaka mmoja wa mwaka wa tatu karibu arushe ngumi, eti wimbo ulitungwa hosteli kwetu na waliotutangulia. Biashara wakasema wao wametoka nao JKT. Mama anayetuuzia karanga akacheka mpaka akakaa chini: wanawe walikuwa wanauimba kwenye mchakamchaka shule ya msingi, zamani hizo.

Kuhusu JKT wana hoja. Jeshi lenyewe lilianzishwa 1963. Utaratibu wa kuwapeleka wahitimu wa kidato cha sita ulisitishwa 1994, ukarejeshwa 2013. Vijana wa kila mkoa wanakimbia pamoja alfajiri, kisha wanatawanyika vyuoni na nyimbo zilezile. Lakini kuusikia wimbo JKT siyo ushahidi kwamba ulitungwa JKT.

Usiku nikakumbuka aibu yangu ya fildi. Nilikuwa nafundisha kidato cha kwanza, nikaandika ubaoni kwa kujiamini kabisa: Ngika alimshinda Gumha, ndipo Bagika wakaanza. Nililitoa kwa babu yangu, Mgika wa damu. Mtoto mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, guku wangu anasema Gumha ndiye aliyeshinda." Darasa likalipuka kwa kicheko. Mimi nikamwambia akae chini tuendelee na somo. Hilo linanisuta mpaka leo.

Kwa wasiotoka Usukumani: Bagika na Bagalu ni vyama viwili vya ngoma vinavyopingana tangu katikati ya karne ya 19. Bagika wanamtaja Ngika, Bagalu wanamtaja Gumha, mahasimu wawili wa ngoma na dawa. Baada ya mavuno vikundi viwili vinacheza uwanja mmoja, muda uleule, kila kimoja na ningi wake, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo. Mshindi ni aliyevuta watu wengi. Ndiyo maana dawa ya kuvuta umati, samba, inazungumzwa kuliko hata nyimbo zenyewe! Mashindano haya yamechezwa pia Bujora, karibu na Mwanza, kwenye sikukuu ya Bulabo, pale Padri David Clement alipoanzisha makumbusho ya Wasukuma.

Sasa fikiria. Ushindi unapimwa kwa umati, na umati una miguu. Saa tisa watu wamejaa kwa Bagalu, saa kumi na moja wamehamia kwa Bagika. Jioni kila upande unarudi nyumbani umeshinda, na wala hausemi uongo. Mpe kila upande wajukuu na vitukuu wa kusimulia. Mimi ubaoni nilikuwa nafundisha tambo za babu yangu nikidhani ni historia, na yule mtoto alikuwa na tambo za babu yake. Nilipaswa kuziandika zote mbili, halafu tuulizane nani anasimulia na anafaidika nini.

Msidhani ni sisi tu. Chuo cha Yale huko Marekani wana wimbo wa kushangilia timu, "Boola Boola", unaohusishwa na mwanafunzi wao Allan Hirsh, mwaka 1900. Kumbe mwaka 1898 watunzi wawili Weusi, Bob Cole na Billy Johnson, walikuwa wameshatoa "La Hoola Boola". Mwaka 1905 wenzao wa Oklahoma nao wakachukua tuni ya Yale wakatengeneza "Boomer Sooner". Hapa mimi sicheki sana. Ngika na Gumha kila mmoja ana watu wa kumsemea mpaka leo. Uwanja mzima ukiimba tuni hiyo, wangapi wanawataja Cole na Johnson? Na huku tarehe zipo, hazihitaji babu wa kusimulia.

Kwa hiyo kwa wimbo wetu nimemwambia yule kaka wa mwaka wa tatu: lete jina la mtunzi na mwaka, tutakuamini. Kaninunia. Biashara nao nimewaambia hivyohivyo, wao wakanizomea.

Asubuhi nimempigia mwalimu aliyenisimamia fildi. Kasema mtoto yupo kidato cha pili sasa na bado mbishi. Nimemwomba amfikishie ujumbe: guku wake aulizwe Gumha alishindia wapi, na yeye alisimuliwa na nani. Majibu yakija nitayaweka hapa, hata kama babu yangu atanisusia.