Usizime mashini ya zamani haraka: somo la benki ya TSB, 2018

Ndugu zangu wa chama, mimi nimesoma agronomi, si informatiki. Lakini kwenye kazi yangu ya kwanza walinipa orodha ya walimaji niitoe kwenye ordinatere ya zamani, niiweke kwenye mupya. Nikakopi, nikafuta ya zamani, nikaenda kulala na roho safi.

Kumbe mashini mupya ilikuwa inasoma namba kwa kizungu cha Waingereza, si kwa Kifaransa. Alama ya mukato haikuijua. Shamba la hekta 0,5 likawa hekta 5. Mwenye hekta 1 akabaki na 1 yake. Tukagawa mbegu za msimu A kwa ile orodha, na mbegu zikaisha kabla watu hawajaisha. Kurudi nyuma kuangalia nani ana 5 ya kweli? Haikuwezekana. Nilikuwa nimefuta.

Tangu siku ile nasoma historia ya walioanguka kabla yangu. Kubwa ni ya benki TSB ya Uingereza. Ilikuwa imetoka ndani ya benki Lloyds, lakini data zake zilibaki kwenye mashini za Lloyds, na ilikuwa inazilipia. Mwaka 2015 Sabadell ya Hispania ikainunua, ikataka kuihamishia kwenye sistemu yake. Mwezi wa 4 mwaka 2018, kwa wikendi moja, wakahamisha wateja milioni 5,2.

Sasa sikieni vizuri: data zenyewe zilifika salama. Kilichoanguka ni nyumba mupya. Wateja wote walipoingia, sistemu haikubeba uzito. Watu hadi milioni 1,9 wakafungiwa inje ya pesa zao. Baadaye uchunguzi ukaonyesha kwamba vituo vya data vilikuwa viwili, lakini majaribio ya uzito yalifanyika kwa kimoja tu. Mkuu wa benki akaacha kazi mwezi wa 9. Hali ikarudi sawa mwezi wa 12, na mwaka 2022 benki ikapigwa faini ya pauni milioni 48,65.

Sisi wa kilimo tungewaambia: miche haitoki kwenye pepinieri yote siku moja. Unapanda mustari mumoja, unaangalia kama imeshika, njo unaleta ingine.

Kwa hiyo, ukipewa kazi hii: kopi kwanza, na kopi ikae pahali pengine. Jaribu kuifungua, juu kopi isiyofunguka si kopi. Hamisha kidogo. Hesabu mistari pande zote mbili, jumlisha hekta pande zote mbili. Mimi ningejumlisha tu, ningeona kosa kwa dakika moja. Jaribu mashini mupya na uzito wa kweli. Na ya zamani iache, hata miezi kadhaa.

Kwenye orodha yetu, kila mustari ulikuwa mutu anayengoja mbegu.