Bea Benaderet na Riwaya ya Nafasi Iliyompotea

Katika katuni ya Warner Bros. ya mwaka 1944 iitwayo Little Red Riding Rabbit, iliyoongozwa na Friz Freleng, husikika msichana mwenye sauti kali isiyojua haya, akiingilia kila shughuli ya Bugs Bunny na mbwa mwitu hata wote wawili wakachoshwa naye. Walakini mwenye kuitazama orodha ya majina ya filamu ile humwona Mel Blanc peke yake kwa upande wa sauti. Bea Benaderet, aliyemwigiza msichana huyo, hakutajwa, maana mkataba wa Blanc ulimhifadhia yeye haki ya kuandikwa. Orodha hiyo ni hati ya tarikhi, na ni ajabu kwamba waandishi wengi wa habari za vichekesho vya Marekani huipita, wakakimbilia riwaya moja tu ya mwigizaji huyu: kwamba alitakiwa awe Ethel Mertz, jirani wa Lucy katika mchezo wa televisheni I Love Lucy, akaikosa nafasi hiyo, na kwa kuikosa umaarufu ukampita. Asili ya riwaya hii ni kweli, lakini hukumu iliyojengwa juu yake siikubali.

Alizaliwa New York mwaka 1906, binti wa muuza tumbaku aliyehamia kutoka Uturuki na mama mwenye asili ya Ireland, akakulia San Francisco, na katika miaka ya 1930 akahamia Hollywood. Miaka yake ya mwisho yajulikana na wengi: sauti ya Betty Rubble katika The Flintstones tangu 1960, kisha Kate Bradley wa Petticoat Junction tangu 1963 hadi alipofariki tarehe 13 Oktoba 1968.

Kipaji chake hakipimiki bila kuisikiliza redio ya miaka ya 1940. Katika kipindi cha mchekeshaji Jack Benny, aliyejiigiza kama tajiri bahili, yeye na Sara Berner walikuwa opereta wa simu, Gertrude Gearshift na Mabel Flapsaddle, ambao humwacha Benny akingoja laini huku wao wakimsengenya kwa utulivu kamili. Katika Fibber McGee and Molly alikuwa Bi. Millicent Carstairs, mwanamke wa tabaka la juu. Na katika The Great Gildersleeve alikuwa Eve Goodwin, mkuu wa shule aliyependwa na bwana Gildersleeve. Waigizaji wa redio walisimama mbele ya kipaza sauti, maandishi mkononi, bila sharti la kuyahifadhi kichwani wala kuvaa mavazi ya mhusika, na studio za NBC na CBS mjini Hollywood zilikuwa karibu karibu katika barabara ya Sunset. Kwa hiyo mtu mmoja mahiri aliweza kuhudumu katika michezo kadhaa ndani ya juma moja, maadamu ana uwezo wa kumjenga mtu kamili kwa maneno machache, bila uso wala mkono wa kumsaidia. Wanaouita ufundi huo kuwa ni daraja la chini la uigizaji hawajausikiliza.

Mwezi Julai 1948 CBS ilianza kurusha My Favorite Husband, ambamo Lucille Ball alikuwa mke kijana aitwaye Liz, na Benaderet akawa Iris Atterbury, mke wa mwenye benki aliyeigizwa na Gale Gordon. Waandishi Jess Oppenheimer, Madelyn Pugh na Bob Carroll Mdogo waliwaunganisha wake hao wawili katika hila dhidi ya waume zao, wanandoa vijana upande mmoja na wanandoa watu wazima upande wa pili, na waandishi hao hao ndio waliouchukua muundo ule wakaupeleka katika I Love Lucy mwezi Oktoba 1951. Basi Ethel alikwisha kuzaliwa kabla ya kuonekana, na sauti iliyomlea ni ya Benaderet.

Ball alimtaka yeye na Gordon waendelee, lakini Gordon alikuwa amefungwa na Our Miss Brooks, na Benaderet, tangu Oktoba 1950, alikuwa Blanche Morton, jirani wa George Burns na Gracie Allen, katika televisheni kama alivyokuwa redioni. Hapo ndipo Vivian Vance na William Frawley walipopata nafasi za Ethel na mumewe. Wako wasemao kuwa alichagua vibaya, nami hoja yao sioni sababu ya kuishughulikia sana, kwa kuwa alikuwa na kazi iliyo hai mkononi na mkataba aliokwisha kuutia saini. Wanaostahili kusikilizwa ni wale wanaotazama mabadiliko ya kazi yenyewe: televisheni ilidai mazoezi, mavazi, mapambo ya jukwaa na uso ambao hadhira itauhusisha na nyumba moja tu, na uhuru wa mwigizaji msaidizi wa kuwa jirani wa kila mtu ukafika ukingoni. Ithibati ni kwamba Januari 1952 Benaderet aliingia katika I Love Lucy kama Miss Lewis, jirani mseja mwenye haya. Aliruhusiwa kuzuru nyumba ile, ila si kuhamia.

Na nyumba aliyobaki nayo haikuwa ndogo. Kwa miaka minane ya televisheni Blanche aliolewa na Harry mmoja aliyeigizwa na wanaume wanne: Hal March, John Brown, Fred Clark, na Larry Keating. Clark alipoondoka mwaka 1953, Burns aliingia jukwaani katikati ya tukio, wakati Blanche amejitayarisha kumpiga mumewe, akausimamisha mchezo, akamjulisha Keating kwa Benaderet mbele ya watazamaji, nao wakasifiana kwa adabu. Kisha Burns akawaamuru waendelee, na Blanche akampiga mume mpya kwa kosa la yule wa zamani. Nguzo ya tukio lile ni Benaderet, ambaye kwa dakika moja alitoka katika Blanche na kurejea ndani yake bila kuuvunja mchezo.

Wapinzani hunikumbusha tuzo ya Emmy ya mwigizaji msaidizi wa kike ya mwaka 1954, ambapo Vance na Benaderet waliorodheshwa pamoja na Vance akashinda. Vance alistahili, wala sina neno juu ya ushindi wake. Lakini waliopiga kura mwaka ule walimweka Blanche sambamba na Ethel, na mwaka 1955, Audrey Meadows alipowashinda wote wawili, wakamweka tena.